Makoti Mapya ya Wifi Lydia

Ukitaka kumjua mtu wa Sumbawanga usimwangalie Januari, mwangalie Juni. Juni upepo unashuka Kasense ukifagia mabua ya mahindi, unaingia Majengo na kuanza kupekua watu kama askari wa barabarani. Hapo ndipo unapoona nani ana koti na nani ana picha ya koti.

Adela aliishi kwa upepo huo. Aliuza makoti ya mtumba Majengo, kwenye kibanda cha mabati kilichopakana na kibanda cha Kauthar, muuza mashuka. Hakuwa wa kumwaga nguo chini na kupiga kelele za buku-buku. Alikwenda Tunduma mwenyewe, akarudi na belo la makoti, akalifungua, akachambua, akafua, akaanika kwenye uzio wa nyumbani kwake Kasense mpaka majirani wakadhani kuna mkutano wa watu wasio na vichwa. Lililokosa kifungo alilishonea kifungo. Lililotoboka mfuko alilitia kiraka.

Mifuko ndiyo ugonjwa wa makoti ya mtumba. Koti linakuja zima, zito, lina bitana kama shuka la hotelini, lakini mfuko umetoboka. Sijui wenzetu huko Ulaya wanatembea na misumari. Adela alikuwa na gunia la vipande vya kitenge vilivyobaki aliposhona sare ya Jumuiya ya Mtakatifu Ana, kitenge cha bluu chenye njiwa weupe, na kila mfuko uliotoboka uliishia kuwa na njiwa ndani. Wateja wake walikuwa wanatania kwamba ukinunua koti kwa Mama Faith, ndivyo walivyomwita, unapewa na ndege wa kufuga.

Mdomo nao alikuwa nao.

"Baba, la dukani unalipia harufu," alikuwa anamwambia mteja. "Harufu ikiisha, na koti limeisha. Zipu itakufia kabla hujamaliza kuvuna ulezi. Hili hapa limevaliwa miaka na Mjerumani mwenye mabega kama mlango wa kanisa, akashindwa kuliua. Wewe na hivyo vimabega ndio utaliweza?"

Mteja anacheka, analipa elfu kumi na tano, anaondoka na joto lake. Miaka mitano baadaye unamkuta nalo, au amemrithisha mdogo wake.

Sasa, Adela alikuwa na wifi. Lydia, dada wa mumewe, mwenye duka la nguo lenye mlango wa kioo huko huko Majengo. Ni wale watu ambao wakikusalimia unajiangalia viatu. Mume wa Adela, Eustaki, alikuwa mkulima mpole mwenye maneno matatu tu, eeh, aah na tutaona, na mbele ya dada yake yalibaki mawili.

Ugomvi ulianzia kwenye jumuiya. Jumamosi hiyo sala ilikuwa zamu ya nyumbani kwa Adela. Watu wamesali, wameimba, uji wa ulezi umepita. Kwenye matangazo, mwenyekiti akakumbusha kwamba Jumapili ijayo wanawake wote wavae sare, ile ya njiwa. Lydia hakuwahi kununua ile sare. Alisema siku zote kwamba kitenge cha bei ile yeye hupigia deki.

"Mimi nitakuja na nguo zangu," akasema. "Mungu ananijua hata bila njiwa."

"Wifi, sare ni sare," Adela akasema, bado kwa utani. "Kama ni hela, nitakushonea bure."

Watu wakacheka. Ndilo kosa lake. Lydia alikuwa hawezi kuchekwa. Alikuwa hajazoea, kama mtu asiyezoea pilipili. Akasimama, akaweka kikombe chini.

"Unishonee wewe? Wewe unayeishi kwa nguo za marehemu? Wazungu wakifa watoto wao wanafunga mizigo, wewe unakwenda Tunduma kupokea. Nyumba nzima hii inanuka maiti. Ndiyo maana hata uji sijanywa."

Watu walioshika vikombe wakaviangalia. Adela alimtazama mumewe. Eustaki akasema, "Aah."

Lydia alikuwa hajamaliza. Akamgeukia Faith, binti pekee wa Adela, aliyekuwa anakusanya vikombe. Faith alikuwa na miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, na alikuwa anamsaidia mama yake kibandani.

"Na wewe mwanangu, utazeekea kwenye marundo? Njoo dukani kwangu. Ukae kwenye kiti, uuze nguo ambazo hazijavuliwa kwa mtu."

Adela alisubiri mtoto wake aseme, shangazi, asante, lakini hapana. Faith aliangalia chini. Jumatatu asubuhi alivaa sketi yake nzuri akaenda kukaa kwenye kiti.

Basi hapo ndipo Adela alipoumia. La maiti angeweza kuligeuza mzaha kesho yake, angewaambia wateja karibuni mochwari. Lakini mtoto kuondoka na maneno yale, kama mtu anayeondoka na kifungashio cha keki kutoka harusini! Kila jioni Faith alirudi nyumbani akinukia manukato ya dukani, akapita kwenye uzio wenye makoti kama anapita makaburini. Adela alikuwa anapika ugali huku anaukoroga kama anamnyonga mtu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu, hakuficha hata alipokuwa anasali: Lydia ashushwe mbele za watu, na Faith awepo, aone kwa macho yake.

Njia yenyewe ilikuja bila kutafutwa. Siku moja mwezi wa tano Faith alisahau ufunguo wa nyumba, Adela akampelekea dukani. Lydia akamzuia mlangoni.

"Subiri hapo hapo wifi. Usiguse kitu, nguo zangu nyeupe hizi."

"Sawa wifi. Nimesimama."

Upepo ulikuwa unamng'ata vidole. Pale mlangoni lilining'inia koti refu jeusi la sufu, lina vifungo vya rangi ya dhahabu na karatasi ya bei ya elfu tisini. Adela, kama mtu yeyote mwenye baridi, akachomeka mkono kwenye mfuko wa lile koti. Vidole vikakuta kitu wanachokijua. Akavuta ukingo wa mfuko kidogo, akachungulia.

Njiwa.

Njiwa mweupe, kwenye bluu, na mshono wake mwenyewe umezunguka kama uzio.

Akarudisha mfuko mahali pake. Akagusa koti la pili. Njiwa. La tatu, mfuko ulikuwa mzima, lakini bitana aliikumbuka, aliifua yeye kwa mikono hii, aliitoa doa la wino. Vifungo tu ndivyo vilivyobadilishwa, na manukato yamepuliziwa mpaka koti linapiga chafya.

Sasa akaelewa na habari ya Azizi. Azizi alikuwa kijana wa kwenye mabasi aliyekuja kibandani kila belo likifunguliwa, anachagua makoti makubwa makubwa, analipa taslimu bila kuomba apunguziwe. Anasema anapeleka Mpanda. Mpanda kuna joto! Adela alijiuliza siku zile watu wa Mpanda wanayafanyia nini makoti ya sufu, halafu akaona si kazi yake. Kumbe Mpanda yenyewe ilikuwa hapo hapo Majengo, ina mlango wa kioo.

"Unacheka nini?" Lydia akamuuliza.

"Nimefurahia duka lako, wifi. Vitu vizuri kweli."

Angeweza kupiga kelele pale pale. Kauthar, aliposikia, alimshauri hivyo hivyo.

"Nenda leo, shoga yangu. Geuza mifuko yote nje, mtaa mzima uone."

"Nikienda leo atasema nimeweka mwenyewe. Halafu Kauthar, leo ni watu kumi wananiangalia. Mimi wakati ananitukana nilikuwa na jumuiya nzima. Sitaki chenji, nataka hela yote."

Kuanzia siku hiyo Adela akawa mchapakazi wa kutisha. Azizi akija, anamkaribisha na kahawa. "Chukua na hili, mdogo wangu, watu wa Mpanda watalipenda." Na makoti aliyotenga kwa ajili ya Azizi aliyatia njiwa yote, hata yale yenye mifuko mizima. Mfuko wa kulia, wa kushoto, na ule wa ndani wa kuwekea rozari. Eustaki akamkuta usiku mmoja anashona kiraka mahali pasipo na tundu, akauliza kulikoni.

"Natengeneza."

"Halijaharibika."

"Litaharibika."

"Tutaona," akasema Eustaki, akaenda kulala.

Na Lydia akauza. Mwaka huo mahindi yalikuwa mazuri, watu wana hela, na baridi haikuchelewa. Mwalimu Calvin wa sekondari akanunua. Mhasibu wa parokia akanunua. Mama mwenyekiti wa jumuiya, yule yule wa sare, akaenda kimya kimya akanunua la kahawia, akasema limetoka Uturuki. Kanisani wakawa wanakaa mbele, wamenyooka, kila mmoja na elfu tisini yake mgongoni. Nani hugeuza mfuko wa koti jipya? Mfuko unageuzwa na mwizi na mfuaji. Wao walichomeka mikono, wakaona ndani kulaini, wakasema kweli kitu kipya ni kitu kipya.

Ikafika Jumapili ya shukrani ya mavuno.

Siku hiyo watu wanaleta walichonacho: magunia ya mahindi, madebe ya ulezi, alizeti, kuku waliofungwa miguu, mbuzi anayeitikia kabla ya kwaya. Misa ikiisha vitu vinatolewa nje vinanadiwa, na hela inakwenda kununua mabati ya paa la kanisa. Mnadi alikuwa Mzee Felisiani, katekista, mtu anayeweza kukuuzia kuku wako mwenyewe ukamshukuru. Na utaratibu unajulikana: ukishinda mnada kitu ni chako, unafanya unachotaka. Unaweza kwenda nacho, unaweza kukirudisha kinadiwe tena, unaweza kumpa Padre.

Lydia alikuja na koti. Lile refu jeusi. Amelitundika kwenye hanga, ndani ya mfuko wa nailoni, analibeba juu kama padre aliyebeba monstransi ya Ekaristi. Faith nyuma yake ameshika mkoba. Watu wakapisha.

"Wapendwa," Mzee Felisiani akapaza sauti, "Mama Lydia ametoa koti. Jipya, mama?"

"Jipya la dukani, mzee. Mimi Mungu simtolei makombo ya watu." Akatupa jicho upande wa Adela, maana Adela alikuwa ametoa debe la ulezi na sweta mbili. "Wengine watamtolea ya marehemu, atawasamehe."

Kicheko kikapita. Faith hakucheka, akahamishia mkoba mkono wa pili.

"Elfu ishirini!" akaanza Felisiani. "Thelathini kwa Mwalimu! Mwalimu unalo tayari, unataka la kulalia? Arobaini!"

"Hamsini," akasema Adela.

Vichwa vikageuka. Lydia akatabasamu kama mtu aliyeona kuku anaingia jikoni mwenyewe. "Mwache wifi yangu. Anataka na yeye avae kipya mara moja kabla hajafa."

"Sitini," akasema mhasibu.

"Themanini," akasema Adela. Alikuwa amekuja na hela ya belo jipya kwenye kona ya khanga, maana Lydia alishatangaza kwamba atatoa koti. Koti hilo alimuuzia Azizi kwa elfu kumi na tano. Katika maisha yake hakuwahi kulipa bei kama hiyo kwa nguo, na hata hapo hakuwa ananunua nguo.

"Themanini mara ya kwanza, ya pili... Mama Faith, limekwenda!"

Adela akalipa kwenye ndoo. Akalitoa koti kwenye nailoni, akalivaa pale pale, likamfika kwenye vifundo vya miguu. Akapita mbele ya watu taratibu, akajigeuza, akachomeka mikono mifukoni.

"Mzee Felisiani, koti zuri. Ila lina wageni."

Akaigeuza mifuko nje, yote miwili. Njiwa wakatoka, weupe, kwenye bluu, kwenye jua la saa sita. Kulikuwa na wanawake arobaini wa Mtakatifu Ana uwanjani, wamevaa kitenge hicho hicho kuanzia kichwani mpaka chini. Hakukuwa na haja ya tafsiri.

"Mama yangu!" mtu mmoja akasema. "Si viraka vya Adela hivi?"

"Ni vyangu," akasema Adela. "Koti hili nilitoa Tunduma, nikalifua Kasense, nikamuuzia kijana aliyeniambia anapeleka Mpanda. Limefika Mpanda, limeokoka, limerudi jipya."

"Umeweka sasa hivi!" Lydia akapiga kelele. "Mchawi wewe! Ulivificha mkononi!"

"Labda. Basi tumuombe Mwalimu Calvin atuonyeshe na lake. Mimi Mwalimu sijamgusa."

Mwalimu Calvin alikuwa amesimama na mikono mifukoni. Akawa kama mtu aliyeambiwa ana nyoka kwenye nguo. Akaitoa polepole, akavuta mfuko wa kulia. Njiwa. Mhasibu akavuta wake. Njiwa. Mama mwenyekiti akakataa, akasema lake la Uturuki, watoto wake wakamgeuzia kwa nguvu: njiwa wawili, na wa tatu kwenye mfuko wa rozari. Uwanja mzima watu wenye heshima zao wakawa wanajipekua, mifuko inaning'inia nje kama ndimi za mbwa. Kucheka kulikoanza hapo, hata mbuzi wa sadaka aliacha kulia akasikiliza.

Lydia alikwishatoka getini.

Adela alifikiri atasikia utamu, na aliusikia, asikudanganye mtu. Uliingia mpaka kwenye magoti. Lakini alipogeuka kumtafuta Faith, aone kama ameona, Faith hakuwepo. Na wenye makoti nao walikuwa wanatoka, kwa kundi, wanaelekea Majengo.

Aliwafuata. Alipofika, mlango wa kioo ulikuwa umejaa watu. Faith amesimama nyuma ya meza, na Lydia pembeni yake amenyoosha kidole.

"Muulizeni huyu! Mzigo alikuwa anapokea yeye, kupiga pasi yeye, kubadilisha vifungo yeye. Mimi nimedanganywa kama nyinyi. Mtoto wa mama yake huyu, wamepanga!"

"Toa hela yetu, binti!" mhasibu akapiga meza.

Kauthar, aliyekuja kuangalia, alisema baadaye kwamba kwa sekunde moja Adela alionekana kama mtu atakayekaa kuangalia. Na kwa kweli Adela aliwaza hivyo. Mtoto aliyepita kwenye uzio kama anapita makaburini, naye achomwe kidogo. Kisha mhasibu akamshika Faith mkono.

"Mwachie." Adela akaingia, bado na lile koti, mifuko nje. "Mwachie, mhasibu, hiyo si hesabu yako. Sikilizeni. Koti la nani limechanika?"

Watu wakayatazama makoti yao.

"Zipu ya nani imekufa? Kifungo cha nani kimedondoka? Nani amepata baridi tangu mwezi wa tano? Mwalimu?"

"Baridi... hapana," akasema Mwalimu Calvin.

"Basi koti halina kosa. Ni lile lile mlilokuwa mnaliita la marehemu, mkapita kibandani kwangu mmeziba pua. Mmelivaa mmelisifia. Kosa ni bei. Kwangu ni elfu kumi na tano, hapa mmelipa tisini. Hiyo nyingine mmelipia kioo. Aliyeipokea ni nani? Aliyepiga pasi, au aliyefunga droo na kutembea na ufunguo shingoni?"

Macho yote yakaenda shingoni kwa Lydia. Ufunguo ulikuwa pale, kwenye mnyororo, karibu na msalaba.

"Wifi," Lydia akasema, sauti imeshuka, "sisi ni ndugu. Haya tungeyaongea nyumbani."

"Nyumbani kwangu kunanuka maiti, wifi. Ungekunywaje uji?"

Akamshika Faith bega, wakatoka. Nyuma yao waliisikia droo ikifunguliwa.

Walitembea mpaka karibu na kibanda. Upepo ulikuwa unawapiga ubavuni.

"Ulijua?" Adela akauliza.

"Siku ya kwanza tu. Nilipopiga pasi."

"Na ukanyamaza."

"Mwanzoni niliona aibu, mama. Nimekimbia mtumba nimeukuta umekaa kwenye hanga unanisubiri. Halafu..." Faith akaanza kucheka, akajizuia. "Halafu nikaanza kupenda. Mama mwenyekiti, siku ile alipokuja, aliniambia nimefanya vizuri kukuacha wewe na matakataka yako. Nikamwambia, mama, jaribu hili la kahawia, limetoka Uturuki."

"Uturuki ni wewe?"

"Ni mimi."

Adela akamtazama vizuri. Hakujua kama huo ni ukweli au ni mdomo tu, na kama ni mdomo alijua kautoa wapi.

"Umenisamehe?"

"Bado. Nina hasira na nina raha, vinagombania kiti kimoja. Ukiniuliza tena utaviongezea ugomvi." Akavua lile koti refu, akamrushia. "Kesho kuna belo linakuja na basi. Hela yake nimeitupa kwenye ndoo ya kanisa kwa ajili yako na shangazi yako, kwa hiyo tutachukua la mkopo, na utalibeba wewe kutoka stendi. Kichwani. Upitie barabara ya dukani kwa Lydia."

"Mama, kule ni kuzunguka!"

"Najua."

Kesho yake wanunuzi wa Majengo walimwona Faith anakuja na belo kichwani, shingo imezama mabegani, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mbele ya mlango wa kioo, uliofungwa na pazia, Adela aliyekuwa akitembea pembeni mikono mitupu alimwambia asimame apumzike kidogo.

"Sijachoka," akasema Faith.

"Pumzika, nimekwambia. Na ukiwa umepumzika, tangaza biashara."

Faith alivuta pumzi, akaangalia pazia, likatikisika. Akafungua mdomo, akaita kwa sauti ambayo watu walioko stendi waliisikia: makoti, makoti mazito, yaliyovaliwa yakashindikana, elfu kumi na tano, njooni mguse mifuko.